Umbali wa Maikrofoni: Jinsi Ngoma Ilivyoingia Studio

Katika miaka ya mwanzo ya santuri hakuna chombo kilichoogopwa studio kama ngoma. Mwimbaji alisogezwa mbele, mpiga tarumbeta akarudishwa hatua kadhaa nyuma, na mpiga fidla akapewa fidla maalumu yenye pembe ya bati ili naye asikike. Mpiga ngoma aliambiwa aiache ngoma yake kubwa nje. Leo mambo ni kinyume. Katika studio nyingi drams ndizo zinazorekodiwa kwanza, na fundi anapoanza kuchanganya sauti huanza nazo, kwa kuwa wimbo wote utasimama juu yake.

Kutoka hali ile hadi hii ni safari ya miaka mia moja na zaidi. Wengi huisimulia kama historia ya mitambo. Mimi naiona zaidi kama historia ya umbali: sikio la mtambo limewekwa hatua ngapi kutoka kwenye ngozi, na chumba chenyewe kimeruhusiwa kusikika kwa kiasi gani.

Zama za pembe, 1917–1925

Kabla ya umeme, sauti ilifanya kazi yote yenyewe. Wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa ya bati. Pembe ilikusanya mtikisiko wa hewa, mtikisiko ukasukuma kiwambo chembamba, nacho kikaisukuma sindano iliyochora mfuo kwenye sahani ya nta. Mfumo huo ulinasa sauti za katikati tu. Besi zilipotea, na mlio mwembamba wa matoazi nao ukapotea. Ngoma kubwa ilikuwa na balaa la ziada, kwani pigo lake lingeweza kuirusha sindano kutoka kwenye mfuo na kuiharibu nta. Kwa fundi wa wakati ule hiyo ilikuwa hasara isiyo na faida: ngoma ingeharibu kazi ya wenzake na yenyewe isisikike.

Tarehe 26 Februari 1917, bendi ya Original Dixieland Jass Band, vijana Wazungu kutoka New Orleans, ilirekodi New York kwa kampuni ya Victor ile inayotajwa kuwa santuri ya kwanza ya jazz. Mpiga drams alikuwa Tony Sbarbaro. Ukiisikiliza leo, kinachokufikia kutoka kwake ni mlio wa kipande cha mbao na kengele ya ng'ombe, na ngoma yenyewe kwa mbali sana. Miaka sita baadaye bendi ya King Oliver, iliyokuwa na kijana Louis Armstrong, ilirekodi kwa kampuni ya Gennett mjini Richmond, Indiana, katika jengo lililokuwa kando ya reli. Kazi ililazimika kusimama kila treni ilipopita. Baby Dodds, mmoja wa wapigaji wakubwa wa kizazi kile, alimaliza sehemu kubwa ya kazi hiyo akigonga mbao tu.

Madhara yake hayakuishia studio. Vijana wa miji ya mbali waliojifunza jazz kwa kusikiliza santuri walijifunza mbao na kengele. Na sisi tunaotaka kujua Dodds alipiga nini hasa ukumbini mwaka 1923 hatuna pa kusikiliza. Afadhali aliishi muda wa kutosha: mwaka 1946 alirekodiwa peke yake New York, akiongea na kupiga, akieleza ngoma moja baada ya nyingine. Natamani kila mpiga ngoma wa zama zile angepata nafasi kama hiyo.

Umeme, na mazoea yaliyogoma kufa

Mwaka 1925 Victor na Columbia zilianza kutumia mfumo wa Western Electric. Maikrofoni iligeuza sauti kuwa umeme, amplifaya ikaukuza, na umeme huo ndio uliosukuma sindano. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekaa kwenye mtambo aliweza kuipunguza sauti kabla haijafika kwenye nta. Sababu ya kuihofia ngoma ilikuwa imeondoka. Hofu haikuondoka nayo.

Desemba 1927, Chicago, kikundi cha Red McKenzie na Eddie Condon kiliingia studio kurekodi kwa kampuni ya Okeh. Nyuma alikaa Gene Krupa, mwenye miaka 18, na drams zake zote. Inasimuliwa kuwa msimamizi alitaka ngoma kubwa iondolewe, kwa hoja ileile ya sindano kuruka, na wanamuziki wakamsihi ajaribu. Akajaribu. Sindano haikuruka. Miaka kumi baadaye, mwaka 1937, Krupa huyohuyo alirekodi "Sing, Sing, Sing" na bendi ya Benny Goodman, kazi ya zaidi ya dakika nane iliyojaza pande zote mbili za santuri ya inchi 12, na tomu zake ndizo zinazoibeba tangu mwanzo.

Hata hivyo kwa miaka mingi bendi nzima ilitumia maikrofoni moja au chache. Kuchanganya sauti kulifanyika kwa viti: nani akae karibu, nani akae ukutani. Mpiga drams alikaa nyuma kabisa, na wajibu wa kutowafunika wenzake ulikuwa mikononi mwake. Ndiyo maana katika santuri za miaka ya 30 na 40 ngoma husikika pamoja na chumba chote, kama unavyoisikia ukiwa umesimama mlangoni mwa ukumbi.

Ngoma za wafalme, 1952

Wakati studio za New York zikiiweka ngoma ukutani, Hugh Tracey alikuwa akifanya kinyume katika nchi zetu. Alikuwa Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana ili kulima tumbaku, akaishia kuyapenda maisha ya muziki kuliko shamba. Mwaka 1950, na tena 1952, alizunguka Afrika Mashariki na Kongo akiwa na gari, jenereta na mashine ya kunasia sauti. Hakuisimika maikrofoni yake mahali pamoja. Aliishika mkononi, akaisogeza kwa mwimbaji, akairudisha kwa mpiga ngoma, akichagua wakati uleule msikilizaji asikie nini kwa karibu. Alikuwa akichanganya sauti kwa miguu yake.

Nyanza, Rwanda, alirekodi ngoma za Mwami. Mengo, ndani ya Lubiri ya Kabaka wa Buganda, alirekodi entenga: ngoma 15 zilizopangwa kwa mstari, 12 kati yake zikiwa zimesawazishwa sauti hadi zikaweza kubeba melodi. Wapigaji wanne walizipiga hizo 12, na wawili wakashughulikia ngoma tatu za besi. Kwa chombo kama hiki swali la umbali si dogo. Ukikaa mbali unasikia wimbo, ukikaribia mno unasikia mpigaji mmoja na wimbo unapotea. Tracey alipata mahali pa katikati, na kwa maoni yangu kanda zile ni miongoni mwa rekodi bora za ngoma zilizowahi kufanywa popote.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yaliishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza, vyombo vikaharibiwa, wapigaji wakatawanyika. Kanda za 1952 ghafla zikawa miongoni mwa kumbukumbu chache za jinsi entenga ilivyolia palipokuwa makao yake.

Inchi chache, London 1966

Mwaka huohuo, tarehe 6 Aprili, kundi la The Beatles lilianza kurekodi albamu ya Revolver katika studio za EMI, barabara ya Abbey Road. Fundi mpya alikuwa Geoff Emerick, mwenye miaka 20. Studio ile iliendeshwa kwa kanuni kama ofisi ya serikali, na kanuni mojawapo ilisema maikrofoni isisogezwe karibu ya kiki, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, kuliko kiasi cha futi mbili, kwa kuwa upepo wa pigo ungeweza kuiharibu.

Emerick aliisogeza hadi inchi chache. Aliingiza sweta la sufu ndani ya kiki ya Ringo Starr ili mlio usivume, kisha akazipitisha drams kwenye kompresa, kifaa kiitwacho Fairchild 660. Kazi ya kifaa hicho ni kuishusha sauti kila inapopanda na kuiachia inapotulia. Pigo lenyewe hubanwa, na mkia wake, ambao kwa kawaida haujulikani hata kama upo, hupanda juu na kusikika. Wimbo uliorekodiwa siku hiyo, "Tomorrow Never Knows", una drams zinazokupiga kifuani. Baadaye uongozi wa EMI ulimwandikia Emerick barua ya kumruhusu kuvunja kanuni ya umbali, lakini kwa The Beatles peke yao.

Hapa ndipo ninapoona njia panda kubwa kuliko zote. Hakuna binadamu anayesikiliza drams akiwa ameweka sikio inchi tatu kutoka kwenye kiki. Sauti ile haikuwahi kuwapo ukumbini. Tangu Edison, rekodi ilidai kuwa ushahidi wa kilichotokea chumbani. Kuanzia hapo rekodi za drams zikawa kitu kinachotengenezwa, na masikio ya watu yakakizoea hadi drams za jukwaani zikaonekana pungufu.

Mazulia na ngazi, 1968–1977

Kanda ya njia nne ikafuatwa na ya njia nane, kisha 16, kisha 24, yote ndani ya takriban miaka kumi. Kila ngoma ikapewa maikrofoni yake na njia yake. Fundi aliweza sasa kukaa na snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, peke yake usiku kucha, wanamuziki wakiwa wamelala, akaipunguza, akaichongoa, akaipeleka kulia au kushoto.

Matatizo mawili yalizaliwa papo hapo. La kwanza ni kuvuja: maikrofoni ya snea inasikia hai-hati, ya tomu inasikia matoazi, na ukikuza moja unakuza na jirani. La pili ni gumu zaidi. Pigo moja la snea huifikia maikrofoni ya karibu mapema, na ya mbali kwa kuchelewa sehemu ndogo ya sekunde. Zikichanganywa, mawimbi yake hukinzana na kufutana, na snea nzito inageuka kopo. Fundi Glyn Johns wa London, aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin mwaka 1968, alikuwa na dawa rahisi ambayo mafundi wanaitumia hadi leo. Unaweka maikrofoni moja juu ya drams na nyingine ubavuni, upande wa tomu ya chini, halafu unapima kwa kamba ili zote mbili ziwe umbali uleule kutoka katikati ya snea. Moja ya ziada inakwenda kwenye kiki, pengine na nyingine kwenye snea. Pigo linafika kwa wakati mmoja, na hapana kukinzana.

Wengi walichagua njia ya pili: kuua chumba. Kuta zilifunikwa mazulia na povu, drams zikafungiwa kibandani, ngozi za chini za tomu zikatolewa, taulo za jikoni zikatandazwa juu. Sauti ya katikati ya miaka ya 70 ni hiyo, kavu, fupi, safi, kila ngoma ndani ya sanduku lake. Mantiki yake naielewa, kwani chumba kisichosema lolote hakivuji. Lakini kuna santuri nyingi za wakati ule zenye wapigaji hodari ambao wanasikika kama wanagonga maboksi ya karatasi.

Andy Johns, mdogo wake Glyn, alikwenda upande mwingine. Mwishoni mwa 1970 na mwanzoni mwa 1971 Led Zeppelin walipiga kambi Headley Grange, jumba la Hampshire lililojengwa 1795 kuwa makao ya maskini. Drams za John Bonham ziliwekwa ukumbini, chini ya ngazi. Johns akapanda ngazi hizo na kuning'iniza maikrofoni mbili tu za Beyerdynamic M160 juu ya kichwa cha mpigaji, akazibana kwa kompresa na kuziongezea mwangwi wa kifaa cha Binson, kilichokuwa cha magitaa. Hakuna maikrofoni ndani ya kiki. Matokeo yake, "When the Levee Breaks", ni mapigo yanayoonekana kutoka kwenye kuta zenyewe. Ngazi ndizo zilizokuwa chombo.

Kule Kingston, Jamaika, Osbourne Ruddock, ajulikanaye kama King Tubby, alikuwa akichukua kanda zilizokwisha kurekodiwa na kuzichanganya upya nyumbani kwake Waterhouse. Aliondoa mwimbaji, akabakiza ngoma na besi, akairusha snea kwenye mwangwi kisha akaikata ghafla. Kwake meza ya kuchanganyia ilipigwa kama chombo, na dub ikazaliwa.

Dar es Salaam wakati huo hapakuwa na njia 24 wala swali la kukausha au kutokausha. Bendi iliingia studio ya Radio Tanzania, ikapiga wote kwa pamoja, na fundi mitambo akatafuta mizani ya vyombo palepale. Kosa la mmoja lilimaanisha kuanza upya wote. Sikiliza Vijana Jazz ya miaka ile: sauti ya mwimbaji iko mbele, magitaa yanaongea, na drams ziko nyuma, hai-hati ikiwa wazi kuliko kiki. Hiyo ndiyo iliyokuwa miaka ya kavasha kushika kila ukumbi, mdundo ambao Meridjo Belobi wa Zaïko Langa Langa anatajwa kuwa mwasisi wake. Mdundo wenyewe umejengwa juu ya snea, hivyo hata redio ndogo ya betri iliyomeza besi zote haikuweza kuuficha. Wapo wanaozicheka rekodi za Radio Tanzania kwa uduni wa mitambo. Mimi nasikia ndani yake kitu ambacho studio za njia 24 zilikuwa zimekipoteza: tumba na drams zikijibizana, kwa kuwa wapigaji walikuwa wakitazamana.

Safari ya kanda ya Burundi

Ufalme wa Burundi ulifutwa Novemba 1966. Ngoma zake, ambazo zilikuwa ishara ya mfalme mwenyewe, zikabaki bila mfalme. Mwaka uliofuata Wafaransa Michel Vuylsteke na Charles Duvelle walikwenda kuwarekodi wapigaji wake uwanjani, na 1968 kampuni ya Ocora ikatoa albamu ya Musique du Burundi. Ngoma nyingi zikipigwa kwa pamoja kwenye uwanja wazi, hewa tupu kati ya ngozi na maikrofoni.

Kanda hiyo ilisafiri kuliko wapigaji. Mwaka 1971 ilitoka santuri iitwayo "Burundi Black", ngoma zilezile zikiwa zimebandikwa kinanda na gitaa juu yake, na mtunzi aliyeandikwa ni Mike Steiphenson. Iliingia chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell alikata kipande cha kanda ileile, akakifanya kijirudie, na kuimba juu yake wimbo wa "The Jungle Line". Kwa hiyo mojawapo ya lupu za mwanzo kabisa katika muziki wa kibiashara ilitoka Burundi. Miaka miwili baada ya hapo Bee Gees, wakirekodi Ufaransa na mpiga drams wao akiwa ameondoka kwa sababu za kifamilia, walikata mapigo ya "Night Fever", wakaiunga kanda ikawa mduara, na juu ya mduara huo ukajengwa "Stayin' Alive". Kwenye albamu waliandika jina la mpigaji wa kubuni.

Mwaka 1980 Adam and the Ants walitia wapigaji drams wawili kwenye kundi lao ili kuiga ile nguvu ya uwanja wa Burundi. Kwa muda, vijana wa London walicheza mapigo ya ikulu ya Burundi bila kujua yametoka wapi, na jambo hilo bado linaniuma, kwani majina ya wapiga ngoma wale wa 1967 hayakupata nafasi kwenye santuri zilizouza sauti zao.

Chumba cha mawe, 1979–1981

Studio ya Townhouse, magharibi mwa London, ilikuwa na chumba chenye kuta za mawe. Ilikuwa pia na meza mpya ya SSL, ambayo ilikuja na kompresa na geti kwenye kila njia. Geti ni swichi inayofunga sauti ikishuka chini ya kiwango fulani. Darini ilining'inia maikrofoni isiyokusudiwa kurekodi kitu: ilikuwa ya wanamuziki kuzungumza na fundi, na ilifungwa kompresa kali ili hata mnong'ono wa mtu aliyesimama pembeni usikike.

Mwaka 1979 Peter Gabriel alikuwa akirekodi albamu yake ya tatu hapo, Steve Lillywhite akiwa prodyuza na Hugh Padgham fundi. Phil Collins alikuwa kwenye drams, na Gabriel alikuwa amepiga marufuku matoazi. Padgham alibonyeza kitufe cha mazungumzo wakati Collins akipiga. Kompresa ile, iliyotengenezwa kwa ajili ya minong'ono, ilikutana na drams ndani ya chumba cha mawe, na sauti iliyotoka ilikuwa kubwa kiasi cha kutisha. Mafundi wa studio wakatakiwa kubadili nyaya ili maikrofoni hiyo iweze kurekodiwa. Kisha Padgham akaweka geti. Chumba kinavuma, kinajaa, na kabla hakijafifia kinakatwa kama kwa panga.

Marufuku ya matoazi ilisaidia zaidi ya inavyodhaniwa. Toazi hulia muda mrefu, lingeiacha geti wazi na kuharibu kila kitu. Wimbo wa "Intruder", 1980, unafunguliwa na sauti hiyo. Januari 1981 Collins aliitumia kwenye "In the Air Tonight", ambao kwa zaidi ya dakika tatu unaenda na mashine ndogo ya Roland CR-78, hadi drams zenyewe zinapoingia kwa kishindo.

Emerick alikuwa ametoa sauti isiyosikika na sikio la kawaida kwa kukaribia mno. Padgham alifika palepale kwa kuondoka mbali, kisha kuukata umbali wenyewe. Muda si mrefu kampuni ya AMS ikaweka mwangwi wa namna hiyo ndani ya kifaa, na kuanzia hapo hata aliyekuwa na chumba cha mazulia aliweza kununua chumba cha mawe. Miaka yote ya 80 ikavuma hivyo.

Mwaka 1982 Gabriel alianzisha tamasha la WOMAD huko Shepton Mallet, na wapiga ngoma wa Burundi wakapanda jukwaani kwa miguu yao. Waingereza waliokuwa wameijua kanda wakawaona wenye mikono.

Ngoma bila ngozi

Mwaka 1980 Roger Linn alitoa LM-1, mashine iliyohifadhi ndani yake sauti za drams halisi zilizorekodiwa kidijitali. Mwaka huohuo Roland ya Japani ilitoa TR-808, iliyotengeneza sauti zake kwa umeme mtupu. LM-1 iliuzwa kwa karibu dola 5,000 na ikawa ya matajiri kama Prince. TR-808 haikufanana na drams zozote, ikashindwa sokoni na kuachwa baada ya miaka mitatu, kisha vijana wa Marekani wakazinunua kwa bei ya chini. Kiki yake ndefu ya besi ndiyo leo imejaa katika hip hop na Bongo Fleva.

Sampuli zilipoingia, maprodyuza walirudi kuchimba kanda za zamani. "Funky Drummer" ya James Brown, iliyorekodiwa 1969 na kupigwa na Clyde Stubblefield, na "Amen, Brother" ya The Winstons ya mwaka huohuo, iliyopigwa na Gregory Coleman, zikakatwa na kupachikwa katika nyimbo zisizo na idadi. Kipande cha Coleman hakizidi sekunde saba. Alifariki 2006 akiwa hana makao. Sheria ya hakimiliki inamtambua mtunzi wa wimbo. Mpiga drams aliyelipwa ujira wa siku kwa kawaida hana anachodai.

Mashine zilibadili hata drams zilizopigwa kwa mikono. Albamu ya Nevermind ya Nirvana ilirekodiwa Mei 1991 katika chumba kikubwa cha Sound City, California, lakini fundi Andy Wallace alipoichanganya alitumia sampuli chini ya mapigo ya Dave Grohl ili kuupa mwangwi nguvu. Msikilizaji aliamini anasikia mtu na chumba. Alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Mwaka huohuo programu ya Pro Tools ilianza kuuzwa, na kabla ya muongo kwisha fundi aliweza kuona kila pigo kwenye kioo na kulisogeza lilipochelewa. Kuchelewa kidogo kwa snea ndiko kulikowatofautisha wapigaji. Kompyuta ilikuona kama kosa.

Kutoka Dar hadi Wiltshire, na kurudi

Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila walialikwa WOMAD mwaka 1988. Mwaka huo ulitoka mkusanyiko wa Nalilia Mwana, wa kazi walizokuwa wamerekodi Afrika Mashariki, na 1989 ukafuata Songs for the Poor Man, uliorekodiwa katika studio za Gabriel za Real World, Wiltshire. Anayetaka kuisikia historia hii yote kwa saa mbili azicheze albamu hizo mbili kwa kufuatana. Bendi ni ileile. Katika ya kwanza drams ni sehemu ya msongamano wa watu chumbani. Katika ya pili kila kitu kina mahali pake, tumba hapa, kiki pale, hewa kati yake, na Remmy katikati. Ya pili imerekodiwa vizuri zaidi kwa kipimo chochote cha fundi. Mimi huirudia zaidi ya kwanza.

Studio binafsi za Dar es Salaam zilipochipuka miaka ya 90, mikononi mwa watu kama Master Jay na P-Funk Majani, zilijengwa kuzunguka kompyuta na kinanda. Chumba cha kurekodia drams ni gharama kubwa: nafasi, kuta, maikrofoni nyingi, na mpigaji wa kulipwa. Programu ya FruityLoops, iliyotoka 1997, haikudai hata kimoja. Bendi za dansi zikabaki na drams zao kumbini, na kizazi kipya cha maprodyuza kikakua bila kuweka maikrofoni mbele ya ngozi.

Singeli ndiyo iliyolifikisha jambo hili mwisho wake. Katika studio za uswahilini kama Sisso, Mburahati, maprodyuza huchukua vipande vya taarabu na mchiriku, huvikata, na kuvikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika, kasi ambayo ni vigumu kwa mikono ya mtu kuihimili kwa muda mrefu. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na singeli ikaanza kuchezwa katika kumbi za Ulaya. Umbali wa maikrofoni umekuwa sifuri, kwa kuwa hakuna maikrofoni. Lakini vile vipande vya taarabu vina dumbaki na rika zilizopigwa na watu, ndani ya vyumba, mbele ya fundi mitambo fulani aliyeamua sikio la mtambo likae wapi. Uamuzi wake bado unasikika, hata ukikimbizwa mara mbili.